Hamira na Linux Zake

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini lilikaa kwenye kitambulisho tu, likisubiri siku ya kwenda benki. Kwingine kote aliitwa Hamira. Wenzake wa kiwanda cha mikate ndio waliombandika jina hilo, na si kwa sababu ya kushika hamira, maana wote pale waliishika kila siku. Walimwita hivyo kwa tabia yake. Mpe wazo dogo leo, kesho utalikuta limeumuka, limejaa bakuli, linamwagikia mezani. Mwaka aliosikia kwamba sungura ni rahisi kufuga, ua wa nyumba uligeuka mji wa sungura. Mwaka wa gitaa, majirani walituma ujumbe wa watu wazima wawili, wenye adabu zao, kuuliza kama anaweza kujifunza wimbo wa pili.

Mkewe alifundisha hesabu, na hata nyumbani aliitwa Mwalimu, mumewe akiwa wa kwanza kumwita hivyo. Alimpenda mtu wake pamoja na kuumuka kwake. Aliyekuwa bado anampima ni mama mkwe.

Mama huyu alihamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, mpiga picha aliyekuwa na studio yake ndogo ya ghorofa ya chini, yenye pazia la rangi ya bahari na kiti kimoja cha kukalia wateja. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Hamira alimwamkia kila siku kwa kichwa kilichoinama kidogo, akamjibu "ndiyo Mama" na "sawa Mama," na akitaka kupita mbele yake alizunguka nyuma ya kochi. Waliishi vizuri, ila waliishi kama watu wawili wanaosubiri kuitwa kwenye foleni moja.

Kompyuta ndiyo iliyowaleta karibu. Ilikuwa ya mezani, kubwa, nyeusi, iliyonunuliwa kutoka ofisi moja iliyofungwa, na bado ilikuwa na kibandiko pembeni kilichosema IDARA YA MASJALA. Ilikaa kwenye kona ya sebule, kati ya dirisha na friji. Mwalimu aliitumia kuandalia mitihani. Mama aliitumia kuchezea karata, zile za mtu mmoja za kupanga kuanzia rea hadi mfalme, na kila alasiri, akishakunywa chai, alikaa mbele yake na kuvaa miwani. Hamira, ambaye kazi yake huanza alfajiri na kuisha mchana, alikuwa nyumbani saa hizo. Yeye ndiye aliyemfungulia mchezo.

Tatizo ni kwamba mashine ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha, ulikuwa na muda wa kuosha vyombo kabla haijakuonyesha kitu. Ikianza kufikiri, feni yake ilivuma mpaka Mwalimu akapandisha sauti ya redio. Mama akibonyeza karata, ilisogea pale alipokwisha kusahau kuwa ameibonyeza.

"Inanidharau," Mama alisema siku moja.

"Hapana Mama, imechoka tu."

"Na mimi nimechoka, lakini nikiitwa naitika."

Hamira alilibeba neno hilo hadi kazini, na huko ndiko mambo yalikoanzia.

Tanuri kubwa la kiwanda lilikuwa limegoma kupanda joto, akaitwa fundi wa tanuri, mtu mwembamba mwenye mfuko wa bisibisi na kompyuta ndogo iliyochubuka pembe zote. Aliunganisha waya kwenye kisanduku cha tanuri, akafungua kompyuta yake, nayo ikawaka kabla Hamira hajamaliza kujifuta unga mikononi.

"Fundi, hiyo ni mpya?"

"Hii? Ina umri kama wa mwanangu, na mwanangu ameanza kunyoa ndevu."

"Mbona inaruka hivyo?"

"Nimeiwekea Linux, kaka."

"Ndiyo nini? Dawa?"

Fundi akacheka. Akamweleza huku akisoma joto la tanuri. Kompyuta ni chuma tu. Ndani yake kuna mfumo unaoiendesha, ule unaouona ukiiwasha, na watu wengi hudhani mfumo na chuma ni kitu kimoja. Linux ni mfumo kama huo, unatolewa bure, na hauko wa aina moja. Wapo watu duniani wanaouchukua, wanautengeneza wanavyopenda, wanaupa jina lao, wanautoa tena.

"Kwa hiyo unga ni uleule," Hamira alisema, "ila mmoja anatoa boflo, mwingine anatoa skonzi."

"Umenielewa kuliko bosi wangu. Ziko za kila namna. Nyepesi kwa mashine za zamani, nzito zenye mapambo, za wanaopenda kuandika amri badala ya kubonyeza. Na zuri lake, nyingi unaweza kuzijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani. Ikikukera, chomoa, kama vile hukuwahi kuiona."

Bila kugusa kilichomo ndani. Ikikukera, chomoa. Kwa mtu wa aina ya Hamira, hayo yalikuwa maneno ya hatari.

Fundi alimwazima flashi yenye Ubuntu. Hamira alifika nyumbani na mikate miwili kwapani, akaiweka juu ya friji, akapiga magoti chini ya meza kutafuta tundu. Kibodi ikabonyezwa pale alipoelekezwa, skrini ikawa nyeusi, ikawa na maandishi yanayokimbia, kisha ikafunguka rangi ya zambarau, safi, haina hata faili moja. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe chake.

"Imekuwaje?"

"Ni mfumo mwingine, Mama. Unaitwa Ubuntu."

"Ubuntu." Akalirudia polepole, akiligeuza mdomoni. "Si ndiyo utu huo? Hata lugha zetu za nyumbani zinalo neno hilo."

"Nadhani ndiko walikolitoa, Mama."

"Basi wamelelewa. Kuna karata?"

Karata zilikuwepo. Mama akakaa, akabonyeza, karata ikasogea palepale. Akabonyeza nyingine. Akamtazama mkwewe kwa pembe ya jicho, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie, akamwambia, "Kaa basi, usisimame kama mgeni."

Wiki hiyo Hamira aliusakinisha kabisa, kando ya mfumo wa zamani, akiuliza kwa simu kila hatua mpaka fundi akaanza kupokea kwa kusema, "Bonyeza endelea, kaka." Kompyuta ya masjala ikafufuka. Mwalimu alikuta mtihani wake unafunguka kabla hajavuta kiti, akampigia mumewe makofi matatu ya taratibu, kama anavyowapigia wanafunzi waliopata swali gumu. Mambo yangeishia hapo, watu wangekaa kwa amani.

Lakini aliyeonja skonzi atataka kujua na boflo likoje. Hamira alisoma kwamba ipo inayoitwa Mint, akaijaribu. Akasikia sifa za Debian, akaijaribu. Akasikia ipo Fedora, ipo ya watu wa muziki, ipo ndogo kiasi kwamba inaingia nzima kwenye kumbukumbu ya mashine na nafasi ikabaki. Alasiri aliyoona mfumo mpya unafunguka kwa mara ya kwanza alikuwa na furaha ileile ya kufungua mlango wa tanuri na kukuta mikate imepanda sawasawa. Kutumia hakukumvutia sana. Alichopenda ni kufungua, kutembea ndani, kuona mwenye nyumba ameweka wapi mlango, wapi dirisha, kisha kuondoka.

Nyumba nzima iliishi na mapenzi hayo. Leo saa iko juu, kesho iko chini. Leo faili zinafunguka kwa kubonyeza mara moja, kesho mara mbili. Asubuhi moja Mwalimu alikuta kibodi inaandika herufi zenye vikofia juu, akampigia simu kazini.

"Nimeandika neno pembetatu, limetoka kama limevaa kilemba."

"Nilichagua lugha vibaya. Nikirudi nitaivua."

"Sikiliza, mume wangu. Badilisha unavyotaka, wewe ndiye mwenye alasiri. Lakini wiki ya mitihani usiiguse, na faili zangu zisijue kwamba kuna kitu kimebadilika."

"Hazitajua."

Mama naye alikuwa amepata kazi mpya. Kila mfumo aliupima kwa karata zake. Ule wenye meza ya kijani ulimpendeza. Ule ambao malkia alichorwa amekunja uso aliukataa siku hiyohiyo. "Huyu mwanamke ana deni na mtu," alisema, "siwezi kukaa naye." Mwingine ulikuwa na menyu za Kiswahili, nusu tu, sehemu nyingine zikabaki Kiingereza, na Mama alisoma zile za Kiswahili kwa sauti, akizipa maksi. Neno "Ghairi" alilipenda sana. Akawa analitumia hata kwenye chai: "Sukari ghairi leo." Hamira alicheka mpaka akasahau kuinamisha kichwa. Hakuna aliyeona kwamba adabu zile za kuzunguka nyuma ya kochi zilikuwa zimekufa kimyakimya.

Sasa, ndani ya kompyuta ile kulikuwa na kitu kimoja kisicho na mwenzake. Marehemu mpiga picha aliacha masanduku ya picha za studio na za nyumbani. Likizo moja ndefu Mwalimu aliziskani zote, moja moja, akaziweka kwenye folda aliyoiita Baba. Alifanya la maana, kwani masika yaliyofuata paa la stoo lilivuja na masanduku yakaloa mpaka picha zikashikana kama maandazi mabichi. Kilichobaki ni ile folda. Na nakala yake kwenye flashi moja nyeusi, iliyokaa kwenye droo ya meza.

Alasiri iliyoharibika ilianza vizuri. Hamira alikuwa amepata Linux nyingine ya kujaribu, na flashi ya fundi alikuwa amekwisha kuirudisha. Akafungua droo, akakuta flashi nyeusi, akaitazama na kukuta ina picha. Akajiambia, picha hizi si zimo pia kwenye mashine? Nitaiazima, kisha nitanakili tena. Akaiandikia mfumo mpya juu yake. Kisha akaichomeka na kuanza kusakinisha, mkono mmoja ukiwa na kipande cha mkate. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi hivi kwamba vidole vilijua njia. Mfumo uliuliza kama utumie diski yote. Swali lilikuwa wazi, limeandikwa kwa herufi kubwa. Alilijibu ndiyo bila kulisoma, kama mtu anavyosema salama kabla hajasikia salamu.

Ulipomaliza, ulifunguka vizuri sana. Skrini ikajaa picha ya mlima wenye theluji. Mama akaja na kikombe.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Leo kuna malkia gani?"

"Sijamuona bado. Ngoja nifungue."

"Kabla ya karata nifungulie picha za mzee. Nimemuota."

Hamira akafungua mahali picha zilipokaa. Folda haikuwepo. Akafungua kwingine. Akaangalia ukubwa wa diski, na nafasi tupu aliyoiona ilikuwa kubwa kama uwanja ambao watu wameondoka. Akaitazama flashi nyeusi, imesimama wima kwenye tundu lake, taa yake ndogo inapepesa.

Angeweza kusema mashine imekwama. Angeweza kusema ngoja mpaka kesho. Alitoa mkono kwenye kipanya, akageuka na kiti.

"Mama, nimekukosea."

"Umefanya nini?"

"Picha za mzee. Nimezifuta. Sikukusudia, nilijibu swali bila kusoma."

Mama akaweka kikombe juu ya friji. "Zote?"

"Zote."

Hakupaza sauti. Alivua miwani, akaikunja, akaenda chumbani kwake, na mlango akauacha wazi. Ule mlango ulio wazi ulimuuma Hamira kuliko kama angeubamiza, maana alimwona ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, hafanyi lolote.

Mwalimu alirudi kutoka shule na mkoba wa madaftari. Hamira alimwambia palepale mlangoni, kabla hajauweka chini.

"Tulia," Mwalimu alisema, "si nilinakili kwenye ile flashi nyeusi?"

Hamira aligeuza macho. Mwalimu akafuata macho yake mpaka kwenye kompyuta.

"Usiniambie."

"Ndiyo hiyo."

Mwalimu alikaa kwenye mkono wa kochi. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya watu wa hesabu, ya kimya, ya kurudia hatua kutafuta kosa lilipoingia. Mwisho akasema, "Mpigie fundi wako. Sasa hivi. Mimi naenda kukaa na Mama."

Fundi wa tanuri alipokea kwa kusema, "Bonyeza endelea, kaka." Alipoelezwa, sauti ilibadilika.

"Izime."

"Niizime?"

"Chomoa kabisa ukutani. Usifungue kitu, usihifadhi kitu. Sikiliza, kufuta si kuchoma. Ulichoondoa ni daftari la anwani, nyumba nyingi bado zimesimama. Ila kila kitu kipya unachoandika kinajenga juu yake. Umeandika mfumo tu?"

"Mfumo tu."

"Basi umebomoa mtaa mmoja. Kesho mchana nakuja na diski tupu. Siahidi, lakini nakuja."

Kesho yake Hamira alichoma trei nzima ya skonzi, jambo ambalo halijamtokea tangu alipokuwa mwanagenzi. Msimamizi alimtazama usoni, akamwambia aende nyumbani.

Fundi alikuja na diski yake na flashi nyingine. Hiyo ilikuwa Linux ya uokoaji, mfumo wa kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kuandika hata herufi moja kwenye mashine, umejaa zana za watu waliopatwa na mambo kama haya. "Hamko peke yenu," Fundi alisema alipomuona Mwalimu amenuna pembeni. "Wangekuwa wachache, nani angehangaika kuutengeneza?" Akaanzisha programu inayopita diski nzima tangu mwanzo hadi mwisho, ikinusa kila mahali kuona kama pana kitu chenye umbo la picha.

Kwanza haikuonyesha kitu. Namba ilikaa kwenye sifuri, Hamira akaikodolea macho kama anaweza kuisukuma. Kisha ikawa moja. Ikawa saba. Kisha ikaanza kupanda kama imefunguliwa bomba, mamia, ikapita elfu.

"Mama!" Mwalimu aliita. "Mama, njoo!"

Mama alitokea mlangoni, khanga mabegani. "Kuna nini?"

"Zinarudi."

"Zinarudi kutoka wapi?"

Fundi alimwinukia, akamwachia kiti.

Zilirudi, lakini zilirudi kama watu waliotoka kwenye ajali ya meli, hazina majina, hazina mpangilio. Kila picha ilikuwa na namba ndefu badala ya jina. Nazo hazikuwa picha za mzee peke yake. Programu ilikuwa imezoa kila chenye umbo la picha, alama za vitufe, mapambo ya mifumo yote aliyowahi kujaribu, milima yenye theluji, na malkia wa karata wa kila aina, pamoja na yule aliyekunja uso. Nyingine zilikuwa nusu, juu sura ya mtu, chini kijivu kitupu. Na zingine hazikurudi kabisa. Zile za mtaa uliobomolewa.

"Kazi yangu imeisha," Fundi alisema, akikataa kila kitu isipokuwa mkate. "Yenu ndiyo inaanza. Nani anawajua hawa watu?"

Aliyewajua alikuwa mmoja.

Kwa hiyo alasiri za nyumba ile zikabadilika. Chai ikishanywewa, Mama alikaa katikati, Hamira kushoto kwenye kipanya, Mwalimu kulia na madaftari yake ya kusahihisha, ambayo hakusahihisha sana. Hamira alifungua picha, Mama akasema, Hamira akaandika jina.

"Huyu ni yule muuza magodoro. Alikuja kupigwa picha ya kumpelekea mchumba, akakataa kutabasamu, akasema mwanaume hacheki kwenye karatasi."

"Akampata, Mama?"

"Alimpata. Picha haikuonyesha mdomo alionao."

Hamira akaandika: muuza magodoro, hacheki.

"Hawa mapacha. Mzee aliwapiga mara tatu, kila mara mmoja amefumba macho. Mara ya nne wakafumba wote. Ndiyo hii, mama yao aliichagua hiyohiyo, akasema angalau wamefanana."

Mwalimu hakuwahi kusikia hata moja ya hadithi hizo. Alipokuwa akiziskani, alizipa majina ya mwaka na namba, akaziweka safi kwenye mstari, na Mama hakuulizwa. Sasa zilipokuja zimechanganyika, haikuwepo njia nyingine ila kumuuliza. Madaftari yalikaa mapajani. Siku moja alicheka mpaka akajichora kalamu nyekundu shavuni bila kujua, na hakuna aliyemwambia hadi jioni.

Alasiri moja Hamira alifungua picha iliyopinda. Ilikuwa ya mwanaume aliyekatwa nusu ya paji la uso, ameinua mkono mmoja mbele, mdomo wazi, nyuma yake pazia la rangi ya bahari limeonekana upande mmoja. Kila kitu kilikuwa na ukungu.

"Hii imeharibika," Hamira alisema, akipeleka kipanya kwenye alama ya kutupa.

"Mkono wako!" Mama alisema.

Kipanya kikasimama. Mwalimu akasogea. "Naikumbuka hiyo. Nilipoiskani niliona mbovu, nikaifuta palepale. Imefikaje hapa?"

"Programu inaokota hata vilivyofutwa zamani," Hamira alisema.

Mama alikuwa amevua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena. "Hii nilipiga mimi," alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Alikuwa ametoka kuchukua maji. Nikasema hebu nijaribu, nione anachokiona humo ndani siku nzima. Akarudi, akanikuta. Hapo anasema, weka chini, weka chini, filamu hiyo! Mimi nikabonyeza." Akatoa kicheko kifupi kilichomshtua hata mwenyewe. "Alininunia, baba yenu! Kwa picha moja! Lakini akaisafisha, na hakuitupa. Sikujua kama hakuitupa."

Mwalimu aliitazama sura ya baba yake ikipiga kelele kwenye ukungu. Kwenye picha zote zile, mamia kwa mamia, hakuwemo. Alikuwa nyuma ya kamera maisha yake yote. Akamshika mama yake bega, akauacha mkono pale.

"Niandike jina gani, Mama?" Hamira aliuliza kwa sauti ya chini.

"Andika, amekasirika."

Picha nzuri zilizookolewa zilikuwa nyingi kuliko zilizopotea. Zilizopotea walizihesabu kwa kukumbuka, ikafika mahali Mama akasema basi, inatosha, hata yeye mwenyewe hakuwa na kila kitu. Nakala sasa ziko kwa Mwalimu shuleni, kwa dada yake, na kwenye diski iliyofungwa kwa utepe wa karatasi ulioandikwa kwa kalamu nyekundu: HAMIRA USIGUSE.

Kompyuta ya sebuleni ilipewa mfumo wa kudumu. Aliyeuchagua ni Mama, baada ya Hamira kumwendesha kwenye mifumo minne kutoka kwenye flashi, kama mtu anayejaribishwa viatu dukani. Alichagua Mint. Meza ya karata ilikuwa ya kijani, malkia ana uso wa mtu aliyelala vizuri, na hakukuwa na haja ya kujua zaidi. Tangu siku hiyo saa iko chini kulia na haijahama.

Hamira kwa upande wake aliapa kuacha. Aliapa kwa dhati, na kiapo kilidumu mpaka fundi wa tanuri alipopita na kompyuta ndogo isiyo na betri, ya kuwekwa kwenye waya muda wote, ambayo mteja mmoja aliitupa. "Haina kitu ndani," Fundi alisema. "Hata ukiifuta mara mia, hakuna wa kulia."

Mwalimu aliikagua, akaiwasha mwenyewe kuhakikisha ni tupu kweli, akairuhusu. Inakaa kwenye meza ya kulia chakula. Alasiri utamkuta Hamira ameinamia, na amekuwa na tabia mpya, kila swali linalotokea kwenye skrini analisoma kwa sauti, neno kwa neno, nyumba nzima isikie. Mama, akiwa kwenye kona yake na karata zake, humjibu bila kugeuka.

"Linauliza, je, unataka kuendelea?"

"Linakuuliza kuendelea na nini?"

"Halijasema."

"Basi ghairi kwanza, usome tena."

Naye husoma tena. Juzi alikuwa akijaribu moja ya watu wa amri, isiyo na rangi wala mapambo, maandishi meupe tu kwenye giza, na ilimchukua alasiri mbili kuifanya ionyeshe picha yoyote. Ilipofunguka hatimaye alipiga kelele ya furaha. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza anaingia, viatu vina vumbi la chaki, akauliza kuna nini.

"Mumeo amefungua," Mama alisema.

"Amefungua nini?"

"Sijui. Haina karata. Lakini muangalie anavyocheka."

Mwalimu alimwangalia, akaweka mkoba chini, akavunja kipande cha mkate uliokuwa bado una joto, akavuta kiti karibu naye.

"Haya," alisema, "nionyeshe basi."